Kanjera: fuvu la mtu, meno ya wanyama, na swali la tabaka

Kanjera iko kwenye rasi ya Homa, ng'ambo ya kusini ya Ghuba ya Winam. Kutoka Kisumu unazunguka ghuba kupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, kisha unaelekea Mlima Homa, volkano iliyozimika zamani. Mvua imechimba makorongo chini ya mlima huo, na kwenye kuta zake matabaka ya mashapo yako wazi: kijivu, kahawia, manjano, na juu kabisa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi.

Mwaka 1932 msafara wa Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, uliokota hapo vipande vya mafuvu ya binadamu. Vilikuwa na sura ya watu wa leo, lakini vilitoka mahali palipojaa visukuku vya wanyama waliotoweka, akiwemo nyani mkubwa Theropithecus oswaldi, aliyeelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1916 kutokana na mabaki ya hapahapa Kanjera. Mwaka huohuo wa 1932, huko Kanam, pia kwenye rasi ya Homa, Juma Gitau, mmoja wa wasaidizi wa Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu. Mwaka 1933 wataalamu waliokutana Cambridge waliyakubali madai ya Leakey kuhusu mahali mifupa hiyo ilipotoka, yaani kwamba ilitoka ndani ya matabaka yaleyale ya wanyama wa kale. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alifika kujionea, akarudi na kuandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi hausimami: sehemu zenyewe hazikuweza kuonyeshwa kwa uhakika, vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama havikuwepo tena, picha iliyotolewa kuwa ya Kanam ilikuwa ya mahali pengine, na udongo wa mfinyanzi pale ulikuwa umeporomoka na kuvurugika.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama ugomvi wa mabwana wawili. Kwetu tunaosoma matabaka ni kisa cha kusoma ukuta. Swali ni moja: je, fuvu lile na wanyama wale walifunikwa na mashapo yaleyale, katika mazingira yaleyale? Mfupa wenyewe hauwezi kulijibu, hata uusafishe namna gani. Jibu liko kwenye tabaka: nini kililileta, kwa kasi gani, lilikaa wazi kwa muda gani kabla ya kufunikwa, na nini kimeliingilia baadaye.

Kuandaa ukuta

Ukuta wa korongo unaonekana safi kwa mbali, lakini uso wake ni uwongo. Mvua huteremsha tope la juu na kulipaka juu ya matabaka ya chini kama ngozi ya sentimita kadhaa, na ndani ya ngozi hiyo hukwama mifupa, mawe na hata vigae vya vyungu vilivyotoka juu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, ukuta unakatwa ngazi: mfereji wa upana wa mita moja, kila ngazi isizidi mita moja kwenda juu, ukichimba kuingia ndani sentimita 30 hadi 50, mpaka ufikie udongo ambao haujaguswa na mizizi ya nyasi za leo. Sururu na jembe ni za kazi ya kwanza. Ukikaribia uso mpya, hamia kwenye mwiko na brashi. Kinachotoka kwenye ngozi ya nje kinawekwa kwenye mfuko wake na kuandikwa "uso wa ukuta", hata kikiwa kizuri namna gani. (Kibali kwanza. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, hakuna kuchimba eneo la visukuku bila ruhusa.)

Kisha unapima kutoka chini kwenda juu. Mchoro wa 1:20 unatosha, yaani sentimita 5 kwenye daftari ni mita moja ya ukuta. Matabaka yakiwa yamelala kwa mwinamo, unene uliopimwa wima si unene wa kweli. Unazidisha kwa kosaini ya pembe. Kwa mwinamo wa digrii 10, mita moja ya wima ni sentimita 98, tofauti isiyomsumbua mtu. Kwa digrii 20 ni sentimita 94, na ukuta wa mita 10 unakudanganya kwa zaidi ya nusu mita. Kanjera ina mipasuko ya kijiolojia iliyoshusha kipande kimoja na kuacha kingine juu, ndiyo maana eneo la kaskazini na la kusini huandikiwa mfululizo tofauti wa matabaka. Kudhani kwamba tabaka la kijivu la korongo hili ndilo lile la kijivu la korongo la pili, eti kwa sababu yako kimo kimoja, ni kosa linaloharibu ramani nzima. Unalifuata kwa miguu, au unachimba mashimo ya kati mpaka uone limeunganika.

Kwa kila tabaka andika rangi likiwa na unyevu, ukubwa wa chembe, jinsi chembe zilivyochambuliwa kwa ukubwa, umbo la mpaka wa chini na wa juu, na alama zozote za mkondo, mizizi au nyufa. Kutofautisha silti (chembe ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi) na udongo wa mfinyanzi kwa macho ni kazi ngumu. Chukua punje ndogo, isage kati ya meno ya mbele: silti inakwaruza, mfinyanzi unateleza kama siagi. Mpaka nao usipite bila kuuangalia. Badiliko linalotokea ndani ya sentimita mbili, lenye mawimbi yaliyochonga tabaka la chini, linasema maji yalikula kabla ya kutua, na huenda miaka maelfu imeliwa hapo. Badiliko la polepole la sentimita 20 linasema mazingira yalisogea, hayakukatika. Kanuni aliyoiweka mwanajiolojia Johannes Walther mwaka 1894, kwamba matabaka yaliyopandana bila mkatiko ni mazingira yaliyokuwa majirani, inafaa mpaka wa aina ya pili tu. Wanaoanza kuitumia hulisahau sharti hilo, wakajenga mto kando ya ziwa ambao haukuwepo.

Ukuta unasema nini, kutoka chini

Uchimbaji wa kisasa wa Kanjera Kusini, ulioongozwa na Thomas Plummer na wenzake kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya tangu miaka ya 1990, umegawa matabaka kwa herufi KS na namba, kuanzia KS-1 chini. Yenye zana za mawe ni hasa KS-1 hadi KS-3, na umri wake ni karibu miaka milioni 2.

Matabaka hayo ya chini ni mchanga laini na silti, pamoja na majivu na vipande vya volkano ya Homa vilivyosombwa tena na maji. Chembe hazijachambuliwa vizuri: laini na nene zimechanganyika. Hakuna mfereji mkubwa uliochongwa, wala mchanga uliolala kwa mshazari katika vitanda vinene kama wa mto unaotiririka mwaka mzima. Usomaji wake ni maji yaliyotawanyika juu ya uwanda baada ya mvua, mepesi, bila kina, yakakauka, yakarudi, ukingoni mwa ziwa dogo lisilo la kudumu. Anayeujua uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, hahitaji maelezo marefu. Mto Nyando ukifurika, maji yanayofika mbali na mto hayana nguvu ya kubeba jiwe. Yanaacha tope na silti, kisha jua linamalizia.

Nguvu ya maji ndiyo inayofungua kisa. Mchanga laini huanza kusogezwa na maji yanayokwenda kama sentimita 20 kwa sekunde. Jiwe la sentimita 5 linahitaji kasi ya zaidi ya mita moja kwa sekunde. Maji yenye kasi hiyo hayaachi silti ikae. Yanaipeleka mbali na kubakiza changarawe. Sasa ndani ya silti ya Kanjera Kusini kuna mawe ya ngumi na vipande vilivyobanjwa, mengine ya miamba ambayo haipatikani karibu bali umbali wa zaidi ya kilomita 10. Maji yaliyotua silti ile hayangeweza kuyabeba. Yalibebwa kwa mikono. Mtu akikuuliza utajuaje kwamba zana hazikukusanywa na mto, jibu ni hilo, na linatoka kwenye chembe za mchanga, zana zenyewe hazijafika bado mezani.

Lakini ndani ya KS-2 kuna utando wa kokoto, mkondo wenye nguvu zaidi uliopita hapo. Kwenye utando huo hoja ya mikono inadhoofika, na kila jiwe au mfupa wake unasomwa peke yake: je, kingo zimesagika? Je, mawe bapa yameegemeana kwa mwelekeo mmoja? Pima angalau mawe 25, afadhali 50. Chini ya hapo mwelekeo unaouona unaweza kuwa bahati tu. Mifupa mirefu iliyolala sambamba na mkondo ni dalili ya kusukumwa. Watu hupenda kuripoti tabaka zima kwa wastani, lakini sentimita 10 za kokoto katikati ya mita ya silti ni mazingira mengine, na zinastahili mstari wao kwenye mchoro na mifuko yao ya sampuli.

Juu yake, silti zinaonyesha kwamba ardhi ilikaa wazi: mirija ya mizizi iliyojaa chokaa, madonge ya chokaa, rangi iliyokolea kuelekea juu. Huo ni udongo wa kale, uso ambao nyasi ziliota kwa muda mrefu bila mafuriko makubwa. Kisha KS-4 inaleta mfinyanzi wa mahali penye maji yaliyotuama. Ziwa au kinamasi kilikuwa kimesogea juu ya uwanda.

Asidi inapodanganya

Kwa kawaida chokaa ya udongo wa kale ndiyo inayokuambia uoto ulikuwa wa nyasi au wa miti. Nyasi za joto na miti hutumia kaboni kwa njia tofauti, na tofauti hiyo hubaki kwenye isotopu (aina za kaboni zenye uzito tofauti) za madonge ya chokaa: nyasi tupu hutoa thamani zinazokaribia sifuri na hata kuvuka hadi +2 kwa elfu, msitu mtupu unashuka hadi karibu −12. Kwenye rasi ya Homa kuna mtego ambao haupo sehemu nyingi. Mlima Homa ni volkano ya kabonatiti, yaani ilitapika mwamba wa chokaa uliotoka ndani ya ardhi. Punje zake zimo ndani ya mashapo. Ukidondosha asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, zinachemka kama donge lolote la udongo.

Mbaya zaidi, kaboni ya kabonatiti ina thamani ya kati ya −4 na −8 kwa elfu, katikati kabisa ya nyasi na msitu. Kwa hiyo sampuli chafu haikupi jibu la ajabu linalokushtua. Inakupa jibu la kistaarabu: "vichaka na nyasi vimechanganyika". Kosa linaloonekana kuwa na akili ndilo hatari.

Namna ya kulikwepa ni hii. Usichukue tope lote linalochemka; chukua madonge yenye mizizi au umbo la kukua mahali pale, angalau sentimita 30 chini ya uso wa udongo wa kale, kwa sababu karibu na uso hewa ya angani huingia na kupandisha thamani. Kata donge katikati, litazame kwa kioo cha mara 10, utoboe sehemu iliyo laini na isiyong'aa, ukiacha mishipa inayong'aa kwani hiyo ilijazwa na maji ya baadaye. Ukiona punje zenye kingo za fuwele au vipande vya mwamba ndani, lisage lingine. Pima matatu hadi matano kwa kila kimo. Yakitawanyika sana kuelekea −5 au −6, shuku mlima kabla ya kushuku miti. Kisha linganisha na kitu ambacho mlima hauwezi kukichafua kirahisi, yaani jino la mnyama. Kanjera Kusini ilijibiwa kwa njia hiyo, na chokaa na meno yakakubaliana kwamba zaidi ya asilimia 75 ya uoto ulikuwa nyasi.

Fuvu liliingiaje?

Sasa tuna uwanda wa nyasi, vijito vya msimu, kinamasi, miaka milioni 2 huko chini, na matabaka ya kaskazini yenye wanyama wake wa kale. Turudi kwa mafuvu. Vipande vingi viliokotwa juu ya ardhi. Vichache vilidaiwa kutoka ndani ya tabaka. Vya juu ya ardhi havina ushahidi wowote wa tabaka na havipaswi kujadiliwa zaidi. Vile vichache vinastahili swali gumu, kwa sababu juu ya mashapo yale ya kale kuna udongo mweusi wa pamba.

Udongo huu una mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi kikikolea unapasuka, nyufa za sentimita kadhaa kwa upana na mita moja au zaidi kwenda chini. Mfupa, kigae, konokono, chochote kilicholala juu kinaanguka ndani. Mvua ikija, udongo unavimba na kuufunga mdomo. Mzunguko ukirudiwa, udongo unajisaga wenyewe na kuacha nyuso zinazong'aa, zilizopigwa mistari, ambapo bonge lilisuguana na bonge. Na kaburi lililochimbwa ndani yake, baada ya karne chache za kusagwa namna hiyo, huenda lisionyeshe tena ukingo wa shimo.

Kwa hiyo mfupa ukionekana ndani ya ukuta, hautolewi. Kwanza unakata sakafu ya mlalo kwa mwiko juu kidogo ya mfupa, sentimita 5 kwa wakati. Ufa unaoonekana kama mstari usio na maana kwenye ukuta wima, kwenye sakafu ya mlalo unajitokeza kama pande za umbo la pembe nyingi, zenye rangi nyeusi zaidi kuliko zinachokipasua. Unalinganisha kilichojaa ndani na kilicho nje: rangi, mchemko wa asidi, chembechembe za makaa, mizizi hai, na kama mistari ya utuaji inapita bila kukatika. Mistari ya silti ikipita juu na chini ya mfupa, na ikipinda kuuzunguka, mfupa ulikuwepo silti ilipotua. Ikikatika pande zote mbili, mfupa uliingia baadaye. Picha inapigwa wakati huo, ikiwa na kipimo na alama ya kaskazini, kabla mfupa haujaguswa. Baada ya kuutoa, hakuna mjadala unaoweza kurudisha mistari ile.

Hoja ya Boswell ya kuporomoka pia inapimika. Kipande cha ukuta kilichoteremka kwa kuzunguka huwa na matabaka yanayoinama kuelekea mlimani, kinyume na mteremko, na chini yake kuna uso uliopinda na kusuguliwa. Ukipima mwinamo kila baada ya mita tano ukifuata korongo na ghafla upate kipande kinachokwenda kinyume na jirani zake, kifute kwenye mfululizo wako mpaka uthibitishe. Shida ya 1935 ni kwamba kuporomoka kulitambuliwa, lakini bila kujua mifupa ilitoka kipande kipi hakuna aliyeweza kusema kama iliguswa na kuporomoka huko au la.

Kilichobaki kilikuwa kemia. Mfupa uliozikwa hunyonya urani na florini kutoka maji ya ardhini kadiri muda unavyokwenda. Kipimo hiki hakitoi umri, kwa sababu maji ya kila mahali yana kiasi chake, lakini kinaweza kulinganisha mifupa ya mahali pamoja. Vipimo vya mwanaanthropolojia Kenneth Oakley vilionyesha mafuvu ya Kanjera yana mionzi kidogo, yaani urani kidogo, kuliko ya wanyama wanaodaiwa kuwa wenzake. Katika miaka ya 1990, watafiti walipopima mchanganyiko wa elementi ndani ya mifupa kwa miali ya eksirei na kuulinganisha na visukuku vya matabaka mbalimbali, walifikia uamuzi huohuo: binadamu wale waliingia kwenye mashapo ya kale baadaye sana. Hilo halishangazi mtu ambaye ameuona udongo wa juu wa Kanjera mwezi wa Februari.

Kwa mafuvu, basi, kesi imefungwa. Taya la Kanam, ambalo limehifadhiwa London, ni jambo jingine. Matabaka ya Kanam ni ya kale kuliko ya Kanjera Kusini, na ukuta wake unaweza kukatwa ngazi, kupimwa na kuchorwa kwa mbinu hizihizi. Lakini mchoro huo hautakuwa na msalaba wa kuonyesha taya lilipokuwa.